Karipio Kali

Juzi mjukuu wangu aliniuliza tofauti ya kuonya, kukemea na kukaripia. Nikamkumbuka baba, mvuvi wa Katonga, na mchana ule alioitwa na viongozi kwa kusema mkutanoni kwamba kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa mbali mno na ziwa.

"Watampa karipio kali," mama alimwambia jirani, huku akigeuza dagaa juani.

Sikulijua neno hilo. Nilijua kisu kikali na mbwa mkali, nikaamini baba angerudi nalo. Aliporudi, akinuka jasho na moshi wa sigara za watu wengine, nilisimama mlangoni nikimkagua. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna.

"Usiingie nalo ndani, baba. Liache nje."

"Nini, mwanangu?"

"Hilo karipio."

Mama aliangua kicheko. Baba hakucheka. Alitoa mfukoni kofia yake iliyokunjwa, akaupindua mfuko nione ulivyo mtupu, kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Hilo halibebwi mfukoni," alisema polepole.

Baadaye tulihamia kijiji kile kipya, mlimani, pamoja na wengine. Kwenye mikutano ya huko baba alikaa nyuma kabisa, na sikumsikia tena akiomba kusema.