Michungwa Miwili Nyuma ya Jiko

Juzi, nikingoja gari la kuteremkia ziwani pale stendi ya Mbinga, nilinunua chungwa kubwa la kupendeza macho. Kulimenya, ganda nene. Ndani maji matupu. Nililimaliza kwa njaa tu, ndugu yangu, maana mawazo yalikuwa yameshafika kijijini Mbaha, kwa bibi na babu.

Nyumba yao ilikuwa karibu na maji. Asubuhi ilinukia dagaa wa kuanika na moshi wa kuni, na kabla ya uji nilichota maji ya kumwagilia michungwa miwili nyuma ya jiko. Babu alikuwa ameacha kuvua, kifua kimemshinda. Kutwa alikaa mlangoni, na hamu yake ilikuwa moja: kula chungwa la mti wake mwenyewe.

Miche ile aliileta mwalimu wetu wa kilimo. Yeye ndiye aliyeibebesha, akipachika kitawi cha mchungwa mtamu kwenye shina la mti mwingine.

"Upi utazaa mapema?" babu aliuliza.

"Huu wenye shina la mlimao, mzee. Unakua haraka, unatoa makubwa, ila ganda nene na utamu haba. Tena mizizi yake haipendi maji yanayotuama. Huu mwingine shina lake ni mdanzi, ule mchungwa mchungu. Unakwenda polepole, lakini matunda yake ni matamu mno."

"Nipe wa mlimao. Mimi sina muda."

Bibi akadakia kama anayegomba: "Na huo wa mdanzi nauchukua mimi. Tutakula wote wawili."

Wa mlimao ulipanda mbio hadi ukalipita paa la jiko. Wa mdanzi ukabaki kimo changu. Tunda la kwanza bibi alilimenya mwenyewe. Babu alitafuna taratibu, macho kayafumba.

"Tamu?"

"Tamu sana, mama."

Nami nilipewa kipande. Kilikuwa chapwa. Nilimtazama bibi, naye alikuwa ameonja, akamwambia babu kwa upole, "Basi kula, baba."

Masika yale yale tulimzika babu.

Wa mdanzi ulipozaa hatimaye, matunda yalikuwa madogo, ganda jembamba, utamu wa kunata vidoleni. La kwanza bibi alilikata vipande viwili, kimoja akakiweka kwenye sahani ya babu na kukifunika. Sisi wajukuu hatukuthubutu kukigusa. Kesho yake alikitupa shinani, akaendelea kufagia uwanja.

Baadaye ziwa lilijaa, maji yakatuama uani. Mti wa mlimao ulioza shina, ukaanguka. Wa mdanzi ulivumilia, na kila msimu bibi aliyang'oa machipukizi ya miiba yaliyoota chini ya kovu la kubebeshea. "Haya yakiachwa," alizoea kusema, "yatamla mwenzao."

Safari hii nimekuta msingi wa nyumba tu, umefunikwa na nyasi. Mchungwa upo, umesheheni, nami nikachuma kwa pupa. Ulikuwa uchungu mtupu. Sehemu ya juu, ile tamu iliyopachikwa, ilishakauka. Kilichozaa ni shina la chini, la mdanzi.

"Hayo hayaliwi, mwanangu," jirani alinipazia sauti. "Tangu bibi yako aondoke duniani, nani angeyang'oa machipukizi?"

Nilimwamkia. Wajukuu wote tulikuwa tumeshahamia mijini.