Mlio wa Skuta ya Mjomba

Tak. Kisha kimya cha kutosha kumfanya mtu ajidanganye kwamba hajasikia kitu. Kisha tak-tak, kavu, kama kucha inayogonga sahani ya bati, kutoka mahali fulani chini ya boneti ya pikipiki ya theluji ambayo nilikuwa nimetoka kuifanyia matengenezo kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliizima. Nilisimama mlangoni mwa gereji, moja ya zile zilizojipanga kwa safu nyuma ya maghorofa ya Rågsved, mtaa wangu huku ughaibuni, nikaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyetamka jina lake bila kutambulishwa. Mashine ilikuwa ya Mjomba, mdogo wake mama. Yeye ni dereva wa basi, na kila majira ya baridi huipakia skuta yake, kama tunavyoiita huku pikipiki ya theluji, kwenye trela na kwenda nayo milimani, kaskazini, kwa rafiki yake mwenye kibanda. Mimi nilikuwa mwangalizi wa mashine hiyo. Nilipaka grisi, nilibadilisha plagi, nilikagua ulegevu wa ile cheni pana ya mpira inayoikanyaga theluji. Kazi hiyo sikupewa. Niliiomba mwenyewe, baada ya yaliyotupata mwaka uliotangulia.

Mwaka huo mkanda unaotoa nguvu kwenye injini na kuzipeleka nyuma ulikatika tukiwa juu kabisa, upepo umekwisha kufuta njia tuliyojia. Wa akiba haukuwapo. Tulitembea tumeshikana makoti, mimi na Mjomba, mpaka tulipoiona taa ya kibanda. Hakuna aliyeumia. Mjomba huisimulia habari hiyo kanisani na watu hucheka. Mimi nilirudi chuoni, kwenye udongo wangu na vipimo vyangu vya maji, nikagundua kwamba nasikiliza kila kitu: jokofu, lifti, ngazi za umeme za kituo cha treni. Kila kinachozunguka nilikisikia kama kinachokaribia kukatika.

Kwa hiyo swali langu, mchana ule, halikuwa moja. Je, mashine ina ugonjwa? Au mgonjwa ni sikio langu? Jumamosi Mjomba angeondoka, na safari hii nyuma yake angekaa binti yake mdogo, ambaye huongea nasi Kiswidi hata tukimwita kwa Kiswahili, na ambaye alikuwa amekwisha kulala mara kadhaa na kofia ya kuendeshea kichwani kwa hamu ya safari.

Nilifanya kile nilichozoeshwa na utafiti: kutenga. Niliuvua mkanda, nikawasha injini ikiwa haina mzigo. Mlio ukatoweka. Ningepaswa kufurahi, lakini maana yake ilikuwa kwamba tatizo, kama lipo, liko upande wa pili wa mkanda: kwenye puli ya nyuma, kwenye beringi za mhimili, au kwenye cheni. Nikainua sehemu ya nyuma juu ya stendi, nikaizungusha cheni kwa mkono. Ilizunguka laini. Nikarudisha mkanda na kuwasha. Hakuna mlio. Nikazima, nikawasha tena. Tak.

Nilipofuta pembeni mwa beringi, kitambaa kilitoka na alama ya rangi ya kutu. Grisi yenye kutu inaweza kumaanisha beringi iliyoingia maji, na beringi ya namna hiyo inaweza kukwama ghafla katikati ya mwendo na kuwarusha waliokaa. Inaweza pia kumaanisha kwamba kitambaa kile ndicho nilichofutia mnyororo wa baiskeli yangu. Nilijaribu kukumbuka. Sikuweza kuapa upande wowote.

Jirani wa gereji inayofuata, Mkongomani anayehifadhi humo spika za kwaya yake, alikuwa akipakia gari.

“Docteur!” aliniita. Hajawahi kukubali kwamba shahada hiyo ya uzamivu sijaipata bado. “Kapiki kako kako na kikohozi?”

“Njoo unisaidie kusikiliza, tafadhali. Wewe ni mtu wa muziki.”

Aliinama, akafumba macho kama anayekaza nyuzi za gitaa.

“Unasikia?”

“Nasikia.”

“Wapi?”

“Kushoto.” Akazunguka. “Non, kuume. Ngoja. Iko natoka chini. Zima kwanza.”

Nikazima. Alibaki ameinama.

“Bado nasikia,” akasema.

Tuligeuka pamoja. Theluji iliyokuwa ikiyeyuka juu ya paa ilidondoka kwenye ndoo yangu ya bati, ikatua, ikadondoka tena.

“Sasa, docteur,” alisema akifuta machozi ya kicheko, “ulikuwa unatengeneza piki, ao ndoo?”

Nilicheka pia, kwa adabu. Alipoondoka niliitoa ndoo, nikaiweka mbali kabisa, kwenye nyasi, nikawasha. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Kisha mlio ukaja, au nilidhani umekuja. Tangu hapo sikujua tena ni mara ngapi nilikuwa nimeisikia mashine na ni mara ngapi nilikuwa nimeisikia ndoo.

Mtu wa nje angeuliza kwa nini sikumpigia Mjomba siku ile ile. Kwetu, mpwa hamwambii mjomba wake “usiende”. Neno la kumzuia mkubwa safari hupita kwa mkubwa mwenzake. Nikampigia mama, Kigoma, ili neno litoke Rågsved, lifike ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kisha lirudi Hagsätra anakokaa Mjomba, kituo cha treni kinachofuata baada ya changu.

“Mama, mwambie Mjomba mashine ina mlio nisiouelewa. Aipeleke ifunguliwe na fundi kabla ya kwenda.”

“Mlio wa namna gani?”

“Sijui, Mama. Ndiyo shida yenyewe.”

“Unalala vizuri lakini?”

“Ninalala.”

“Nitamwambia,” alisema mama, kwa sauti ambayo ningepaswa kuitilia shaka.

Kesho yake niliukuta ujumbe wa sauti wa Mjomba, mchangamfu, umejaa upendo. “Mpwa wangu, dada kaniambia. Bado unasikia mambo ya mwaka jana, eh? Hayo ni ya kawaida, mwanangu. Tumekuombea jana mimi na nyumba nzima. Na mashine usiihofie, si umeitengeneza wewe? Mikono yako naiamini kuliko ya fundi.”

Niliusikiliza mara nyingi. Mama hakuwa amedanganya. Alikuwa amechukua mlio uliokuwa kwenye chuma, akauweka kifuani mwangu, mahali alipoona yeye kwamba unatoka. Kilichonitatiza ni kwamba sikuweza kusema kwa uhakika kwamba amekosea. Na sasa kazi yangu mwenyewe ndiyo iliyogeuzwa kuwa dhamana ya usalama wa mtoto.

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo hata leo sijui niliite nini. Nilikwenda gerejini, nikauvua mkanda, nikautia kwenye mkoba wangu pamoja na kompyuta, nikarudi nyumbani na kuutundika nyuma ya kiti. Skuta isiyo na mkanda haiendi popote. Nilijiambia kwamba nimepata muda wa kufikiri. Nilikaa mbele ya kile kiti, nikiutazama ule mpira mweusi wenye meno, na kwa mara ya kwanza katika siku kadhaa jokofu lilikuwa jokofu tu.

Ndipo nikakumbuka mkanda wa akiba. Tangu yaliyotupata, Mjomba haondoki bila wa pili, na mimi ndiye niliyeufunga chini ya boneti, mahali ambapo mkono wake ungeufikia hata gizani. Angefika, angekuta mkanda haupo, angeguna, angefunga ule mwingine na kuondoka na mtoto nyuma yake. Nilikuwa nimejizuia mimi peke yangu, si yeye.

Nikapiga simu. Alikuwa kwenye mapumziko ya kazi. Nilisikia injini ya basi ikinguruma polepole.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umelala?”

“Sijambo. Nimelala. Mjomba, naomba unisikilize hadi mwisho. Ni kweli ninaogopa, lakini sikupigii kwa ajili hiyo. Skuta ina mlio upande wa nyuma, baada ya mkanda. Sijui ni beringi au ni nini. Nimeshindwa kujua. Mikono unayoiamini ndiyo inayokuambia kwamba haijui.”

Basi liliendelea kunguruma.

“Unaniambia nisiende?”

“Ninakuambia usiende nayo, Mjomba. Wala usimpandishe mtoto.”

“Mama yako anajua unaniambia hivi?”

“Hajui.”

Nikasikia ameizima injini ya basi, na upande wake pakawa kimya kabisa.

“Haya,” akasema. “Huo mlio. Niambie unavyolia, taratibu, tangu mwanzo.”