Siku Nilipomwombea Baba Ndinda

Aibu yenyewe hainiishi hadi leo, lakini kwa kuwa mmezoea kunicheka kwamba kila nikiitwa kuongoza maombi naombea mvua tu, hata Aprili maji yakiwa yamefika mlangoni, basi leo sikieni sababu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuo cha uuguzi juzi juzi, kofia yangu nyeupe bado ina wanga (nilikuwa naipiga pasi hata ikiwa haina kikunjo), nikapata kazi katika zahanati ndogo pale Komarock, mtaa ule ule niliokuwa naishi na kusali, kwa hiyo mgonjwa wa asubuhi ndiye jirani wa jioni. Siku moja akaja Baba Ndinda, dereva wa lori, mwimba besi wetu kanisani, akafunga mlango mwenyewe, akaninong'oneza kwamba ana bawasiri, na akikalia kiti cha lori machozi yanamtoka.

"Sista, hii maneno ikae hapa. Hata Mama Ndinda hajui."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nimekula kiapo. Nilikitaja hicho kiapo kwa maringo kweli.

Jumatano tukakutana kwa maombi nyumbani kwa Mama Musa, sebule imejaa hadi vitambaa vya makochi vimeanguka, na Baba Ndinda peke yake amesimama karibu na mlango, kila akipewa nafasi anasema amechoka kukaa kwenye lori. Nikamhurumia, jamani. Mchungaji alipouliza nani ana ombi, nikaona nikimwombea bila kumtaja jina sitakuwa nimevunja kitu (chuoni walitufundisha kwamba siri ni jina, au mimi ndivyo nilivyotaka kusikia), nikainuka, nikafumba macho: "Bwana, mguse ndugu yetu mmoja, wewe unamjua, hawezi kukaa, Bwana, pale anapokalia panawaka moto..."

Sikusikia amina. Nikafumbua jicho moja. Sebule nzima ilikuwa imegeuka kumtazama mtu mmoja aliyesimama.

Mwenye akili angekaa chini akanyamaza. Mimi nikasema, "Jamani, mimi sijamtaja Baba Ndinda."

Mama Ndinda akaweka Biblia magotini. "Kumbe si mgongo?" akamuuliza mumewe. Mama Musa akachomoa mto wa kochi, ukapita mkono kwa mkono hadi mlangoni, na mchungaji, kwa nia njema kabisa, akasema tuinuke tumwekee ndugu mikono, watu wakainuka, wakamzunguka, halafu wote wakasita mikono ikiwa hewani, maana hakuna aliyejua pa kuiweka. Baba Ndinda akaondoka bila kuaga, mto wa watu ukiwa mkononi.

Kesho yake mkubwa wangu kazini alikuwa ameshaipata habari kutoka kwenye foleni ya wagonjwa. Akaniita ofisini.

"Mungu anawajua wagonjwa wako bila wewe kumweleza," akasema. Akaniambia leseni huchukuliwa kwa makosa kama hayo, na kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, iwe na jina au isiwe nalo. Nikalia. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba Baba Ndinda hakurudi kuchukua dawa iliyobaki. Nilikwenda kwake kuomba radhi, akanisikiliza akiwa amesimama, akasema "sawa," akarudisha mlango. Mtu alikuwa anaumia nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu, na hapo sikuona cha kucheka.

Wiki zikapita. Asubuhi moja mlango wa zahanati ukafunguliwa, ni yeye, na mto wa Mama Musa kwapani. Akaufunga mlango, akauweka mto kwenye kiti cha wagonjwa, akaketi polepole, akanitazama.

"Nimekuja kuchukua dawa, Sista. Kuombewa, wacha nitajiombea."

Basi msiniulize tena habari ya mvua. Mvua haijawahi kuja zahanati ikafunga mlango.