Haragwe Nyeusi Kando ya Kitabu

Hapana, shule sikuenda hata siku moja. Lakini hesabu ya yule msichana ni mimi niliitengeneza, mtu asikudanganye ati ni mwalimu. Keti nikwambie. Usiketi hapo mlangoni.

Tulikuwa tunakaa karibu na msitu, upande wa Isecheno: mimi, mke wa kijana wangu, na msichana wao. Kijana mwenyewe alikuwa kazi mbali. Kwetu watu hawahesabiwangi. Ukiulizwa watoto ni wangapi, unasema wako, wanatosha. Ukiwataja kwa hesabu kuna kitu inasikia, inakuja kuchukua. Shika hiyo, maana ndiyo ilituchelewesha.

Msichana alikuwa darasa la saba, mara ya pili. Kusoma, alikuwa anasoma kama redio. Hesabu ndiyo ilimshinda. Mwalimu wake alikuja mpaka nyumbani, mtu mwembamba wa kuongea kwa pua: "Mama, huyu amesh-i-ndwa. Nimechapa, nimebembeleza, amesh-i-ndwa." Nikamwigiza kabla hajafika kwa njia. Akageuka. Nikajifanya naita kuku.

Mama ya msichana hakucheka. Yeye alikuwa anaongeanga mbio kama mtu anafukuzwa: "Mama mimi nimechoka, akianguka mtihani ya mwisho wa mwaka anatoka shule, dada yangu anataka yaya Kisumu, ataenda, imeisha." Msichana alikuwa anasikia. Afadhali angelia. Alibaki tu akiangalia kitabu.

Basi kila siku saa kumi, mvua ikianza kugonga mabati, tuliketi chini sisi wawili. Mimi nilikuwa nauza maharagwe sokoni, kwa hivyo ya kuhesabia haikukosa. Kitabu ilikuwa ya Kizungu. Alikuwa anasoma, halafu ananigeuzia.

"Kuna magunia arobaini na mbili. Mkokoteni unabeba saba."

"Itaenda mara ngapi?"

"Sita, Kukhu." Haraka hivyo. Kukhu ni mimi, nyanya yake.

"Soma ingine."

"Watoto sita wanagawana mapera arobaini na mbili. Kila mtu sita."

Nikamwambia, gawa maharagwe chini nione. Akagawa moja moja, mkono unazunguka vizuri kabisa, hakuruka hata mara moja. Lakini mafungu niliona ni saba. Sita mbele yake. La saba lilikuwa kule mlangoni, pale mvua inarusha matone.

"Na hii ya nani?"

"Yake," akasema, kama mimi ndiye mjinga.

Huyo mtoto alizaliwa wakiwa wawili. Mwenzake alirudi kabla hajaota meno, tukamzika nyuma ya migomba, na mama yao akakataa atajwe tena katika ile nyumba. Hakuna mtu alimwambia msichana. Na vile sisi hatuhesabu watu, hakuna mtu aliwahi kumsikia akizidisha mmoja. Magunia alikuwa anapata. Ng'ombe anapata. Watu, kila mara mmoja zaidi.

Sikumwambia amtoe. Ningemtoaje? Nilichukua haragwe moja nyeusi, nikaiweka kando ya kitabu.

"Hii ni kiti yake. Mketishe kwanza, atulie. Halafu ugawie wale wa kitabu."

Akagawa tena. Saba kila mtu. Akafanya ingine, na ingine. Zote zikakubali. Akacheka, na mimi nikacheka, nikamwigiza mwalimu mpaka akashika tumbo.

Tulipomaliza nikaiokota ile haragwe. Ilikuwa imelowa. Si maji ya mvua, maji ya mvua ni baridi. Hii ilikuwa na joto, inateleza, kama kitu kimetoka mdomoni mwa mtoto. Nikaigeuza, nikatafuta alama ya jino. Haikuwepo.

"Ninyi mtanimalizia mbegu," nikasema.

Siku ya mtihani alienda nayo ndani ya soksi. Alipita. Mwalimu akanikuta sokoni: "Mama, hii ni ma-a-jabu." Mama ya msichana alipika obusuma na ingokho, ugali na kuku, akiimba, na yule wa Kisumu akaambiwa atafute yaya kwingine.

"Na haragwe yetu?" nikauliza.

"Nimeacha kwa dawati, Kukhu. Sihitaji tena."

Shule ilikuwa imefungwa. Nilienda hata hivyo, nikachungulia dirishani. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, na chini pamefagiliwa, safi.

Tangu hapo ni mimi nikaanza kukosea. Namimina chai, nakuta kikombe kimezidi. Sikukusudia, mkono tu. Nakiweka pale mlangoni. Vile vingine, chai ikipoa, maziwa yanafanya utando juu. Hicho hakifanyi, kama kuna mtu anakipuliza. Mama ya msichana alikuwa ananiangalia tu, anadhani ni uzee.

Halafu siku moja saa kumi, mvua inanyesha, msichana, sasa wa darasa la nane, aliinua kichwa kutoka kwa kitabu. Akaangalia vikombe. Akamnyooshea mamake penseli, akaninyooshea mimi, akajigusa kifua.

"Kukhu, tuko watatu. Mwaga hiyo ingine."