Farasi wetu wa Newala, baridi yabisi, na nyungo za mabibo

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na shahidi wangu yuko jikoni hivi sasa anachambua choroko. Nikitia chumvi ataniumbua.

Najua mtauliza, Newala na farasi wapi na wapi?

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara na mradi wa maji wa kwetu ukafungwa, Mzungu mmoja fundi wa pampu alimwachia mama yangu farasi jike wa rangi ya udongo. Mama ni mkunga, alimzalisha mke wa yule Mzungu, na farasi ndiye akawa shukrani. Jina lake la kwanza lilitushinda kutamka. Tukamwita Ruksa.

Mama alimpanda miaka saba, akishuka naye mteremko kwenda vijiji vya bondeni, upande wa Ruvuma. Wajawazito walisikia kwato kabla ya kumwona mkunga. Kule bondeni kuna watoto wanaoitwa Ruksa, na hili nalo ni kweli.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, nikiwa nyumbani nasubiri majibu, Ruksa akaanza kuchechemea.

Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Kisha magoti ya mbele yakavimba. Siku moja alifika mwanzo wa mteremko akasimama. Hakuwa mkaidi. Alitazama chini, akageuza shingo akamtazama Mama. Mama akashuka mgongoni, wakarudi wote kwa miguu.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa mapenzi.

Mama alimfunga uani chini ya mkorosho apumzike, akawa anamkanda kwa maji ya moto ya chumvi. Habari zikaenea. Na kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaoza mashambani, kwa hiyo kila aliyekuja kutoa pole alikuja na ungo wa mabibo.

Jirani yetu Mama Swalehe hakukosa hata siku moja. Swalehe wake alizaliwa mikononi mwa Mama. Alimlisha Ruksa bibo moja moja, akimsemesha: "Kula, mwanamke mwenzangu. Umetubeba vya kutosha."

Ruksa akanenepa, akang'aa. Na kila wiki alizidi kusimama kwa shida.

Mama akapanda lori la korosho hadi Masasi, kumtafuta mzee mmoja aliyekuwa bwana mifugo. Serikali ilipopunguza watu naye alipunguzwa, akawa anauza mitumba sokoni. Ujanani alihudumia farasi kwenye mashamba ya kaskazini. Alikuja na kisu cha kwato, amekiviringisha ndani ya soksi ya mtumba.

Alilikunja goti la Ruksa polepole, kama anayefungua barua ya mtu. Akatazama tumbo. Akatazama nyungo.

"Mama Neema, huyu analishwa na nani?"

"Na Newala nzima."

Hakucheka. "Hii ni baridi yabisi. Haiponi, inatunzwa. Lakini ninyi mnamuua. Magoti mabovu mmeyaongezea mzigo, halafu mmemfunga kwenye ua mgumu asiyatumie."

Akamchonga kwato, zilikuwa zimerefuka mno mbele. Akaacha masharti: majani tu, mabibo marufuku. Asifungwe. Atembezwe taratibu asubuhi na jioni, kwenye mchanga laini. Mteremko asiuone tena.

"Na asipopata nafuu?" Mama akauliza.

"Mabibo yakiisha mitini nitarudi. Nikimkuta hivi hivi, tumwite bwana nyamapori aje na bunduki. Kumwacha ateseke si huruma, Mama Neema."

Mama akakunja pindo la khanga yake, akalikunjua, akalikunja tena.

Kesho yake Mama Swalehe akaja na ungo. Mama akamzuia mlangoni.

"Leo hapana. Ruksa hali mabibo."

"Nnungu wangu! Mgonjwa ananyimwa chakula?"

"Ndiyo dawa yenyewe."

"Dawa ya muuza mitumba! Mimi uliponizalisha uliniletea uji. Hukuniletea masharti."

Akaondoka na ungo wake. Siku nne hakutusalimia, na wenzake wakanuna naye. Kwetu ukikataa ungo wa mtu umemkataa mwenyewe.

Huku nyuma Ruksa hatembei. Mama kutwa yuko zahanati, na mimi nikivuta kamba, farasi ananitazama tu. Mabibo yalikuwa yanapungua mitini, nami nikawa nayahesabu kwa hofu.

Siku ya tano Mama akajifunga khanga mpya, akaenda kwa jirani, mimi nyuma yake.

"Hodi. Nimekuja kuomba."

"Mabibo yangu yamekwisha," akajibu Mama Swalehe bila kuinua uso.

"Sitaki mabibo. Nataka miguu yako. Anayetaka kumwona mgonjwa wangu, amwone njiani, akitembea naye."

Mama Swalehe akainua uso. "Akiniuma?"

"Mwezi mzima umemlisha kwa mkono, aje akuume leo?"

Mama Swalehe akacheka, ingawa hakutaka.

Tangu siku hiyo, kumwona mgonjwa kukawa matembezi. Asubuhi, ukungu wa Newala ukiwa bado umelala juu ya mikorosho, wanawake wawili watatu walimwongoza kwenye njia ya mchanga, naye akaifuata mikono iliyomlisha, wakisengenya kwa sauti ya chini kana kwamba farasi angeenda kusema. Jioni walikuja wengine. Tumbo likapungua. Hatua zikarefuka.

Mabibo yakaisha. Mzee akarudi, akamtembeza, akamgeuza, akashika magoti.

"Bado anachechemea," Mama akasema.

"Atachechemea maisha. Lakini anatembea." Akakirudisha kisu ndani ya soksi. "Bwana nyamapori abaki na risasi zake."

Ruksa aliishi miaka sita zaidi. Mama hakumpanda tena. Walikwenda vijiji vya tambarare bega kwa bega, farasi amebeba mkoba tu.

Kwa nini nimeyakumbuka leo? Magoti ya Mama sasa yana ugonjwa ule ule. Nimekuja likizo na kiti cha kulalia, maziwa na biskuti, nimemwambia asiguse chochote, akae tu. Hata hizo choroko kanilazimisha nimwachie.

Nimeandika mpaka hapa, Mama Swalehe kapiga hodi. Siku hizi anatembelea mkongojo. Mikononi hana kitu kingine.

"Mama Neema, inuka. Mchanga umeshapoa."

Nikasema, "Shikamoo, mama. Lakini anaumwa, aache apumzike."

"Marahaba," akajibu, akimtazama Mama.

Mama akasukuma ungo wa choroko kwangu. "Neema mwanangu, unataka kunifunga chini ya mkorosho?"

Wameshatoka. Nawasikia wanacheka huko njiani, wanachechemea wote wawili.

Nilichojifunza ni hicho, wakuu: mapenzi yangu nilikuwa nimeyaweka kwenye kiti na biskuti, wakati mgonjwa alihitaji mtu wa kutembea naye. Wenye wazazi au wanyama wenye magoti ya namna hii, mnawatunzaje? Nielezeni hapa chini. Nasoma huku nachambua choroko.