Nyumba ya Pili ya Mfaume

Siku ya Uhuru mume wangu, Mfaume, alikuwa shambani anapalilia karanga. Watu wote wamekwenda Tabora kwenye ngoma, yeye na jembe lake. Nikamuuliza mbona hafurahi. Akasema karanga hazijui kwamba tumejitawala. Jamani! Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, akibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, nami hudhani moyo wa ukoo ule aliusahau huko njiani.

Sikumwamini hata siku moja. Mwanamume asiyekasirika, asiyesifu chakula, asiyeuliza ulikuwa wapi, huyo ana jambo lake. Na mimi sikumzalia. Ndugu zake walipomshikilia aoe mwingine, hakukataa wala hakukubali, alichukua kofia yake akatoka. Nikabaki najiuliza atanirudisha kwetu lini.

Mwaka wa sabini na nne tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Usoke. Wenzetu walilia kuacha makaburi ya wazee wao. Mfaume alipakia kinu na mchi kwenye lori, akapanda. Tulipofika akatujengea nyumba ya miti na udongo, akaiezeka nyasi. Udongo haujakauka vizuri, nikamwona anachimba mashimo ya nguzo za nyumba nyingine, palepale uani.

Kwetu kila mke na nyumba yake. Anayejenga ya pili ana mke wa pili njiani, nani asiyejua? Wifi yangu Kuluthumu alikuja kuchungulia, akacheka, akaniambia nimtandikie mwenzangu mkeka mapema. Roho iliniuma. Nikafunga kanga zangu kwenye furushi la nguo, nikaenda kumsimamia Mfaume pale alipokuwa anakandika ukuta.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo unayemjengea."

Akafuta mikono. Akasema ile ya kwanza ni yangu. Alishamwambia mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu, ili hata yeye akifa ndugu zake wasinitoe. Hii ya pili ni yake mwenyewe.

"Sasa una kwako," akasema. "Ukikaa na mimi, umetaka."

Hasira zikanipanda. "Na wewe je, unanitaka?"

Akafikiri, Mungu wangu, akafikiri kama mtu aliyeulizwa bei ya mbegu. "Sijui kutaka kukoje," akasema. "Kila asubuhi naamka, naona naweza kuondoka. Halafu nakaa."

Yaani miaka yote ile nimelala na mtu anayeamua upya kila kukicha! Nililia kwa uchungu. Nikaingia kwangu, nikatia komeo mlangoni, wala sikupika.

Asubuhi akabisha hodi, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Sikuitika. Nilitaka kwanza kujua kimemleta nini, mimi au njaa.

"Sijapika kitu," nikamwambia kwa ndani.

"Najua."

Nikatega sikio nimsikie akienda zake. Hakwenda. Nikaondoa komeo.