Mkereketwa Wangu wa Pekee

Enzi zetu pale kijijini Kwanza, kabla simu hazijatufika mikononi, neno "mkereketwa" lilikuwa na uzito. Mzee Wafula, jirani aliyevaa kofia ya chama hata akikamua ng'ombe, ndiye aliyetufundisha maana yake. "Mkereketwa," alisema akijishika shingo, "ni mtu anayewashwa kooni chama chake kikisemwa vibaya. Hahongwi, hahami." Chama chake kilishindwa kila uchaguzi. Kofia haikutoka kichwani.

Nasi tukaufanya mchezo. Msimu wa mavuno, mahindi yakianikwa kwenye maturubai na uani kukinuka maganda makavu, tulipanda kichuguu kuomba kura, kisha watoto wakapanga foleni nyuma ya waliyemtaka. Simiyu, mpinzani wangu, hakuwa na sera. Alikuwa na mapera. Mimi nilikuwa na hotuba. Shida yangu, ambayo ninayo hadi leo, ni kwamba nikikosea neno moja naanza upya kutoka "Wananchi watukufu".

"Ngojeni, hiyo haikutoka vizuri."

"Ati tena? Si useme tu, bana! Mvua inakuja!" Huyo alikuwa Nanjala, mwenzangu wa dawati.

Foleni zikapangwa. Nyuma ya Simiyu, kijiji kizima, midomo imejaa. Nyuma yangu, Nanjala peke yake.

"Wewe Nanjala, kuja huku! Mapera yanaisha!" Simiyu akamwita.

"Kuleni mshibe. Mimi ni mkereketwa."

Matone yakaanza. Wenzetu wakakimbilia chini ya stoo ya mahindi. Yeye akabaki, gauni limemganda mwilini, mpaka nikamaliza hotuba ya mtu aliyekwisha kushindwa. Nyumbani mama alitukausha wote wawili kwa leso moja aliyojifunga kiunoni, akatupa mahindi ya kuchemsha huku akinung'unika, "Siasa gani hii ya kuniletea homa?" Sijala mahindi matamu kama yale tena.

Vijana wa leo huvaa fulana ya mgombea huyu asubuhi na ya mpinzani wake jioni, na redioni wote huitwa wakereketwa. Siwalaumu sana, maisha ni magumu. Lakini Mzee Wafula angewanyang'anya hilo neno.

Siku hizi Nanjala anaishi Bungoma, mimi niko hapa Kitale. Si mbali. Namba yake ninayo tangu mwaka jana. Ila niliacha shule mapema, nikajifunza kuandika kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa nyama, na hofu ya kukosea haijanitoka. Kila jioni naandika, "Nanjala, habari za siku nyingi," halafu nafuta. Mara naona salamu ni baridi mno, mara naona najipendekeza. Nina wasomaji wa maandishi yangu sasa, wapo wanaonisifu hata kabla ya kusoma. Hakuna anayelowa akinisubiri nimalize.

Leo mawingu yamejaa upande wa Mlima Elgon. Ujumbe wangu bado ni neno moja tu, jina lake. Zamani, hapa ndipo angenikatiza: si useme tu, bana.